Samaki Wakubwa Sebuleni Nairobi: Panga Maji Kabla ya Kununua Samaki

Samaki aina ya oska anayeuzwa dukani akiwa na urefu wa kidole gumba hukaribia sentimita 25 kabla ya kutimiza mwaka akilishwa vizuri. Akikomaa hufika sentimita 30 hadi 35 na uzito wa kilo moja au zaidi. Pleko wa kawaida, yule ambaye watu humnunua "asafishe kioo", hupita sentimita 40, na kinyesi chake ni kingi kuliko uchafu anaousafisha. Pangasi, anayeuzwa kwa jina la papa kwa sababu ya umbo lake, hupita mita moja. Hakuna duka linalobandika vipimo hivyo kwenye kioo, kwa hivyo mnunuzi ndiye anayepaswa kuvijua.

Kabla ya kuuliza bei ya samaki, jiulize: nyumbani kwangu naweza kubadilisha lita ngapi za maji kila wiki, hata wiki ya mgao? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua ni samaki gani utamfuga na utafuga wangapi. Mengine yote, hata ukubwa wa tangi, yanafuata nyuma yake.

Nani anafaa nyumba ya kawaida

Kwa tangi la sentimita 150 kwa 60 kwa 60, wanaofaa ni oska mmoja au wawili, au flawahoni mmoja peke yake (samaki mwenye nundu kichwani, hana subira na jirani yeyote), au kikundi kidogo cha samaki aina ya kasuku ambao huishia sentimita 20 hadi 25. Samaki wa dhahabu wa mkia mmoja ni mkubwa kuliko wengi wanavyodhani, hufika sentimita 25 hadi 30. Huyu ana faida moja kubwa Nairobi: hahitaji hita, nyuzi 18 hadi 22 zinamtosha.

Wa kuacha ni pangasi, paku, kambare wa mkia mwekundu wa Amazon anayepita mita moja, arowana wa fedha anayekaribia sentimita 90 na anayeruka nje ya maji kama hobi yake, na koi, ambaye mahali pake ni bwawa la nje. Mumi wetu wa nyumbani pia hafai. Hupita mita moja, huvuta hewa moja kwa moja, na usiku wa mvua hutoka ndani ya tangi lisilofunikwa akatembea sakafuni. Kamongo naye ana meno yasiyo na mzaha.

Yako maneno yanayorudiwa kila duka, kwamba samaki hukua kulingana na tangi. Kinachotokea ni kwamba maji mabaya humdumaza: mwili hukwama, mgongo hupinda, na maisha hufupika. Oska aliyetunzwa huishi miaka kumi na zaidi. Wa tangi la lita 80 mara nyingi hamalizi miwili.

Kanuni ya vipimo ni hii. Upana wa tangi, kutoka kioo cha mbele hadi cha nyuma, uwe angalau mara moja na nusu ya urefu wa samaki mkomavu, ili aweze kugeuka bila kujikunja. Urefu wa tangi uwe mara nne hadi tano ya urefu wake. Kimo hakina umuhimu sana. Tangi refu la kwenda juu linapendeza macho, lakini halimpi samaki nafasi ya kuogelea, tena eneo la uso wa maji linalopokea hewa linakuwa dogo.

Tangi, stendi na sakafu

Kwa kimo cha sentimita 60 na urefu wa 150, mwambie fundi atumie kioo cha milimita 12, pamoja na mikanda ya kioo juu, kando zote mbili ndefu, na mmoja wa kukatisha katikati. Silikoni iwe ile inayonuka kama siki na isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Ile ya bafuni ina sumu kwa samaki. Iache ikauke siku saba nzima. Kisha jaza maji tangi likiwa nje na uliache siku mbili kabla ya kuliingiza ndani. Ukitaka tundu la bomba, litobolewe kabla ya kuunganisha, na hakikisha kioo hicho si kile kilichoimarishwa kwa moto, kwa maana hicho kikiguswa na keekee husambaratika chote.

Uzito ndio unaosahauliwa. Maji ya tangi hilo ni lita 500 hivi, yaani kilo 500. Kioo kinaongeza kilo 100, stendi ya chuma na mchanga vinamalizia. Jumla ni kilo 700 kwenda juu, zote zikikaa kwenye eneo lisilofika mita moja ya mraba. Sakafu za nyumba za kuishi kwa kawaida hupigiwa hesabu ya kilo 150 hadi 200 kwa kila mita ya mraba. Hiyo haimaanishi kwamba sakafu itaporomoka kesho, kwa sababu hesabu hiyo ni ya chumba kizima na mzigo husambaa, lakini kwenye ghorofa usiweke tangi katikati ya chumba. Liweke ukutani, karibu na nguzo au juu ya boriti, na kwa tangi linalozidi lita 300 muulize mhandisi. Mwenye nyumba pia aambiwe mapema. Sakafu ya chini iliyomwagwa juu ya ardhi haina wasiwasi huu.

Stendi ikishafika, iweke pima maji pande zote. Tofauti ya milimita tatu kati ya upande mmoja na mwingine isahihishwe kwa vipande vya bati chini ya miguu. Juu ya stendi laza ubao wa milimita 18, na juu ya ubao polistareni ya sentimita mbili ili matuta madogo ya ubao yasipasue kioo cha chini.

Ndani usiweke mengi. Oska huchimba na kuhamisha mawe usiku kucha. Jiwe kubwa likae moja kwa moja kwenye kioo cha chini na mchanga uzungushwe baadaye. Likikaa juu ya mchanga, samaki atauchimba na jiwe litaangukia kioo. Sentimita mbili za mchanga zinatosha. Wengi wenye samaki wakubwa huacha chini patupu kabisa, na hawakosei.

Maji ya mfereji na maji ya kisima

Hapa ndipo samaki wengi wa Nairobi wanapofia, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Maji ya mfereji ya jiji hutoka hasa kwenye mabwawa ya milima ya Aberdare: Ndakaini, Sasumua na Ruiru. Ni maji mepesi, yenye madini machache, na yametiwa klorini. Maji ya visima virefu vinavyochimbwa jijini hupita kwenye miamba ya volkano na kutoka yakiwa na bikaboneti nyingi ya sodiamu, floridi, na pH ya juu (pH ni kipimo cha uasidi: 7 ni katikati, chini yake ni asidi, juu yake ni alkali). Kwa samaki hayo ni maji mawili tofauti kabisa. Tatizo ni kwamba nyumba nyingi hupokea yote mawili kwenye tangi moja la juu ya paa: wiki hii mfereji, wiki ijayo lori la maji ya kisima, na mpangaji haambiwi.

Hatari yake inaanzia ndani ya tangi la samaki lenyewe. Bakteria wanaogeuza amonia (uchafu wenye sumu unaotoka kwa samaki) kuwa nitriti na kisha nitrati hula akiba ya alkali ya maji, yaani kile kinachozuia pH isishuke: kila gramu moja ya nitrojeni inayogeuzwa humaliza gramu 7 hivi za akiba hiyo, ikipimwa kama kalsiamu kaboneti. Katika lita 500 zenye oska mmoja wa kilo moja, hiyo ni kama miligramu 37 kwa lita kila wiki. Maji yako mapya yakiwa na akiba ya miligramu 40, wiki ikiisha karibu hakuna kilichobaki. pH inaporomoka chini ya 6, bakteria wanalegea, na amonia inaanza kujikusanya. Samaki haonyeshi dalili kubwa, kwa kuwa kwenye pH ya chini karibu amonia yote iko katika umbo lisilodhuru.

Sasa lori la maji ya kisima linafika. Unabadilisha nusu ya maji, pH inaruka hadi 8.5, na amonia ileile inageuka sumu. Kwa nyuzi 26, sehemu yenye sumu ni chini ya asilimia 1 kwenye pH 7, asilimia 5 hadi 6 kwenye pH 8, na karibu asilimia 16 kwenye pH 8.5. Asubuhi samaki anahema juu ya maji, matamvua yamekuwa mekundu sana, na mwenye tangi analaani maji ya lori. Maji yale hayakuwa na kosa. Yamefichua tu uchafu uliokuwamo tayari.

Kinga ni hizi. Pima pH ya maji mapya kila mara kabla ya kuyatumia. Maji ya kisima yapimwe baada ya kupulizwa hewa kwa saa 24, kwa sababu yakitoka ardhini huwa na gesi ya kaboni inayoshusha pH kwa muda, na oksijeni yake huwa ndogo. Tofauti kati ya tangi na maji mapya ikizidi 0.5, usibadilishe zaidi ya asilimia 10 hadi 15 kwa siku. Na kabla ya badiliko lolote kubwa, pima amonia. Ikiwa si sifuri, tatua hilo kwanza kwa mabadiliko madogo ya maji yanayofanana na yaliyomo.

Mwenye maji ya mfereji peke yake aongeze akiba ya alkali. Bikaboneti ya sodiamu, gramu 6 (kijiko kimoja cha chai) kwa kila lita 50 za maji mapya, huongeza miligramu 70 hivi kwa lita. Iyeyushe kwenye ndoo ya maji mapya, usiimwage juu ya samaki. Usichukue ile poda ya kuumua keki, ina mchanganyiko mwingine, wala magadi ya kuchemshia maharagwe: magadi yana kaboneti na hupandisha pH kwa ghafla. Njia ya uvivu, na ni nzuri, ni mfuko wa wavu wenye kilo moja ya makombe ya baharini yaliyopondwa ndani ya filta. Huyeyuka polepole kadiri pH inavyoshuka.

Mwenye visima na mfereji kwa pamoja achague uwiano mmoja, kwa mfano ndoo moja ya kisima kwa tatu za mfereji, aushike mwaka mzima. Samaki wakubwa wengi wa dukani huishi vizuri popote kati ya pH 6.5 na 8. Kinachowaumiza ni kurukaruka.

Klorini huondolewa kwa sodiamu thayosalfeti, inayopatikana kwenye maduka ya kemikali ikiwa fuwele kama sukari. Gramu 1 kwa lita 50 inatosha kwa maji ya mfereji na kubaki na ziada salama. Lita 250 zinataka gramu 5. Tumia mizani ndogo. Ukikosa, puliza hewa kwenye pipa kwa saa 24 huku likiwa wazi.

Na pipa ni la lazima. Mapipa mawili ya lita 200 yaliyobeba vyakula, si kemikali, yakae yamejaa muda wote. Ndani ya pipa tia pampu ya kuzama kwa ajili ya kupandishia maji na hita ya kuyapasha kabla ya matumizi. Kubeba mitungi kumi na miwili ya lita 20 kila Jumamosi ni ahadi ambayo hakuna anayeitimiza zaidi ya miezi mitatu.

Kiasi cha maji kinatokana na kiasi cha chakula

Wafugaji wa samaki hutumia kanuni hii: uzito wa chakula, mara sehemu ya protini, mara 0.092, unakupa nitrojeni ya amonia itakayotoka. Oska wa kilo moja akila gramu 10 kwa siku, chakula cha protini asilimia 40, hutoa gramu 0.37. Ndani ya lita 500 hiyo ikishageuzwa yote inakuwa nitrati miligramu 3.3 kwa lita kila siku, au 23 kwa wiki.

Ukibadilisha nusu ya maji kila wiki, kiwango hatimaye kitatulia: 46 kabla ya kubadilisha, 23 baada. Hapo ni mahali pazuri. Ongeza oska wa pili na utalazimika kubadilisha nusu mara mbili kwa wiki ili ubaki palepale. Ukibadilisha robo tu kwa wiki ukiwa na wawili, kiwango hupanda hadi kupita 180, na ugonjwa wa mashimo kichwani unaanza. Kama kisima chako kina nitrati yake, ongeza juu ya hesabu hii.

Maji yanayotoka yana mbolea. Sukuma wiki na ndizi huyapenda, na choo hakichagui.

Filta

Pampu izungushe maji ya tangi mara sita hadi nane kwa saa: kwa lita 500, pampu ya lita 3,000 hadi 4,000. Usiamini tarakimu ya boksi. Ikipandisha maji mita moja na nusu pampu nyingi hupoteza theluthi hadi nusu.

Tangi la pili ndani ya stendi, likitumika kama filta, ndilo tunalolipendekeza kuliko filta ya mkebe uliofungwa. Lita 100 hadi 120 zinatosha. Maji hushuka kwanza kwenye soksi au sponji ya kushika kinyesi, kisha kwenye sehemu ya bakteria, kisha kwa pampu na hita. Sehemu ya bakteria haihitaji vitu vya bei. Vizibo vya plastiki vya chupa, vilivyooshwa vizuri, lita 20 hadi 30, au sponji ngumu ya godoro isiyo na dawa, hufanya kazi hiyohiyo. Hita ikiwa huko chini, oska hawezi kuivunja kwa mkia, na amini usiamini huzivunja.

Kuna mtego mmoja: stima ikipotea, maji yaliyo juu ya mdomo wa bomba la kurudisha hunyonywa hadi chini na kufurika sakafuni. Toboa tundu la milimita 5 kwenye bomba hilo, sentimita mbili chini ya uso wa maji, ili hewa ikate mnyonyo. Halafu jaribu mwenyewe: zima pampu, subiri maji yatulie, uone kama tangi la chini lina nafasi. Tia alama ya kalamu kwenye kimo cha juu kinachoruhusiwa.

Filta mpya haina bakteria. Washa kila kitu bila samaki, joto nyuzi 26 hadi 28, na utie amonia isiyo na sabuni (itikise chupa, ikitoa povu linalodumu, iache) mpaka kipimo kisome miligramu 2 kwa lita. Pima kila siku mbili na urudishie ikishuka. Kwanza amonia itashuka na nitriti kupanda, baadaye nitriti nayo itashuka. Siku utakayotia miligramu 2 na baada ya saa 24 ukute amonia na nitriti zote ni sifuri, tangi liko tayari. Huchukua wiki nne hadi sita. Ukipata sponji chafu kutoka tangi la rafiki lenye samaki wazima, huenda ikawa wiki mbili. Badilisha maji mengi siku hiyo ya mwisho, nitrati itakuwa juu.

Sponji za bakteria huoshwa kwa maji yaliyotolewa ndani ya tangi. Ukizisuuza chini ya mfereji, klorini inaua ulichokijenga kwa wiki sita.

Hewa, stima na baridi

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji hushika oksijeni kidogo. Kwa nyuzi 26, maji yasiyo ya chumvi ya Mombasa hujaa kwenye miligramu 8.1 kwa lita. Ya Nairobi hujaa kwenye 6.6 hivi. Ukipasha hadi nyuzi 30 yanashuka hadi 6.1. Kwa hivyo ushauri wa vitabu vya nchi za pwani kwamba filta inayotikisa uso inatosha, hapa upunguze imani nao. Weka pampu ya hewa yenye mawe mawili hata kama filta ni kubwa. Iweke juu ya kimo cha maji, au utie vali ya kuzuia maji yasirudi ndani yake.

Stima ikikatika, kinachokufa kwanza ni filta. Kwenye mkebe uliofungwa bakteria humaliza oksijeni ndani ya saa chache, maji yaliyomo huoza, na stima ikirudi uchafu huo husukumwa wote kwa samaki. Ikipotea kwa zaidi ya saa mbili, fungua mkebe, mwaga maji yake, kisha ndipo uwashe. Tangi la chini lililo wazi halina shida hiyo sana. Pampu ya hewa ya betri inayojiwasha yenyewe umeme ukikatika ni kifaa cha kwanza kununua baada ya filta. Betri ya volti 12 na kigeuza-umeme kidogo itaendesha pampu ya hewa usiku mzima, hita usiijaribu. Siku zenye taarifa ya kukatwa stima, usilishe. Samaki aliyeshiba hutumia oksijeni zaidi.

Mwezi wa Julai usiku nje hushuka hadi nyuzi 11 hivi, na sebule nyingi hulala kwenye 17 hadi 19. Oska anataka 24 hadi 28. Kwa lita 500 tumia hita mbili za wati 300, si moja ya 600: moja ikikwama ikiwa imewaka haitachemsha tangi, ikifa nyingine itashikilia. Funika juu kwa kioo, na upande wa nyuma na wa kando ubandike polistareni. Tokeni zitadumu zaidi. Hita zizimwe kabla ya kupunguza maji, kwani ikibaki hewani hupasuka ikirudishiwa maji. Kila waya ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda, ili matone yadondokee sakafuni na si kwenye umeme, na mstari huo uwe na swichi inayojikata umeme ukivuja.

Kulisha

Chembe zinazoelea za kufugia sato ni chakula kizuri, na ni nafuu kuliko vya mikebe. Chagua zenye protini asilimia 35 hadi 40, milimita 4 hadi 6 kwa samaki wa zaidi ya sentimita 15. Zimetengenezwa kunenepesha, hivyo pima: samaki mchanga asilimia 3 ya uzito wake kwa siku, katika milo mitatu, mkomavu asilimia 1, mlo mmoja, na siku moja kwa wiki bila chakula. Mfuko mkubwa ugawe kwa mikebe na uifunge. Vitamini C hupotea baada ya miezi michache, na zikipata unyevu hushika sumukuvu, ambayo huharibu ini la samaki kama inavyoharibu la kuku.

Omena ni kitoweo cha mara moja kwa wiki: loweka, suuza mchanga, toa kichwa. Nyungunyungu kutoka shamba lisilopuliziwa dawa ni bora zaidi. Usimpe moyo wa ng'ombe, nyama ya kusaga wala matumbo, kwa sababu mafuta ya mnyama huganda kwenye joto la maji na samaki hayamudu. Samaki wadogo hai kutoka dukani huleta magonjwa, na wale wa dhahabu wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Pleko anataka mboga: tango au sukuma wiki iliyochovywa maji moto dakika mbili, iwekwe jioni na itolewe asubuhi.

Oska huomba. Atakujia kila upitapo, atagonga kioo. Hiyo si njaa.

Dalili

Akihema juu ya maji: pima amonia, nitriti na pH kabla ya kununua dawa yoyote. Nitriti ikiwepo, chumvi ya mezani gramu 1 kwa lita huzuia isiingie kupitia matamvua wakati unabadilisha maji.

Madoa meupe kama chembe za chumvi mwilini ni vimelea. Pandisha joto nyuzi moja kila saa kumi na mbili hadi 30, tia chumvi gramu 2 kwa lita kwa awamu mbili ndani ya siku mbili, ongeza jiwe la hewa, na uendelee siku 10 hadi 14 hata madoa yakitoweka mapema. Kukiwa na pleko, ishia gramu 1.

Mashimo kichwani na kwenye mstari wa ubavu, hasa kwa oska, karibu kila mara yanaandamana na nitrati ya juu na chakula cha aina moja. Rekebisha hayo mawili kwanza. Kinyesi kikiwa cheupe na cha nyuzinyuzi, na samaki ameacha kula, kuna uwezekano wa vimelea vya utumbo. Hapo daktari wa mifugo ampangie dawa na kipimo, usikisie kwa vidonge vilivyobaki nyumbani.

Samaki mpya akae peke yake wiki nne kwenye beseni kubwa lenye sponji yake na hita.

Ukihama nyumba, au samaki akikushinda

Akikuzidi, mrudishe dukani au umpe mwenye bwawa lililozungushiwa. Usimwachie mtoni wala kwenye bwawa la umma. Kapu aliingia Ziwa Naivasha mwishoni mwa miaka ya 1990 na sasa hakuna wa kumtoa.

Kuhama kunawezekana kwa siku moja. Usilishe kwa saa 48. Hamishia nusu ya maji ya tangi kwenye mapipa. Samaki asafiri ndani ya boksi la barafu lenye kifuniko na pampu ya hewa ya betri. Mfuko ni wa samaki wadogo, na oska atautoboa kwa miiba ya pezi. Vizibo na sponji za filta zibaki zimeloa, kwenye ndoo iliyo wazi yenye hewa, si mfuko uliofungwa. Tangi libebwe likiwa tupu kabisa, bila hata mchanga, na watu wanne. Kule mwisho, stendi na pima maji kwanza, kisha tangi, maji ya zamani, filta, maji mapya yaliyotibiwa, na joto likishafanana mwingize samaki bila maji ya boksi. Zima taa. Chakula aanze kupata siku ya pili, nusu ya kawaida, na amonia ipimwe siku ya pili, ya nne na ya saba.